Kutakasa vifaa vya upasuaji Arusha na Moshi: mwongozo kamili kutoka karai la kuoshea hadi meza ya upasuaji

Arusha mjini maji huchemka yakiwa na takriban nyuzijoto 95. Moshi, iliyo chini kidogo, huchemka kwenye 97 hivi. Ni suala la mwinuko: Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi kati ya 800 na 900, na hewa ya huku juu ni nyepesi kuliko ya Tanga au Dar es Salaam. Kwa mpika maharage, hasara yake ni mkaa. Kwa anayetakasa mikasi ya upasuaji, hasara inaweza kuwa kidonda cha mama aliyejifungua kwa upasuaji kuanza kutoa usaha siku ya nane.

Nimeanza na mwinuko kwa sababu karatasi nyingi zinazobandikwa ukutani juu ya autoklevu, yaani mashine ya kutakasa kwa mvuke, zina namba za pwani. Hata hivyo, mwinuko si tatizo kubwa kuliko yote. Kubwa liko kwenye karai. Kifaa ambacho hakikuoshwa vizuri hakitakasiki, hata kikiingia kwenye mashine ya mamilioni, kwa kuwa damu iliyokauka kwenye maungio huwafunika bakteria na mvuke hauwafikii. Ndiyo maana sehemu ndefu za mwongozo huu zinahusu maji, brashi na macho, na mashine inakuja baadaye.

Nawaandikia wauguzi na wahudumu wa afya wa zahanati, vituo vya afya na kliniki binafsi, za meno zikiwemo. Hospitali kubwa zina idara nzima ya kazi hii. Wewe pengine una chumba kimoja, sinki moja na foleni.

Kipi kinatakaswa, kipi kinaoshwa tu

Mgawanyo unaotumika duniani kote ni wa Mmarekani Earle Spaulding. Kinachoingia kwenye nyama, mfupa au mishipa ya damu lazima kitakaswe, yaani kisibaki na kidudu chochote kilicho hai, zikiwemo spora, yaani bakteria waliojifungia kwenye ganda gumu linalovumilia joto. Kinachogusa utando laini tu, kama spekulamu ya uke, kinahitaji angalau kuuliwa vijidudu kwa kiwango cha juu. Kinachogusa ngozi nzima, kama mkanda wa kupimia presha, kinahitaji kuoshwa na kufutwa kwa dawa.

Ukisitasita kifaa kiko kundi gani, kipandishe daraja. Na vitu vilivyotengenezwa kutumika mara moja, yaani sindano, bomba za sindano, bledi, mirija ya dripu, havirudishwi kwenye mzunguko huu hata siku ambayo stoo imekauka.

Mwili wako kwanza

Anayeosha vifaa yuko kwenye hatari ya kuchomwa kuliko karibu kila mtu mwingine kituoni, na mara nyingi ndiye anayepewa glavu nyembamba zilizobaki. Anahitaji glavu nene za mpira zinazofika karibu na kiwiko, aproni isiyopitisha maji, barakoa, miwani ya kinga na viatu vilivyofunika vidole. Gambuti ni bora. Anahitaji pia chanjo ya homa ya ini aina ya B, dozi 3: ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Mganga mfawidhi anayenunua autoklevu mpya kabla ya kumchanja mhudumu wake amepanga vibaya.

Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue jeraha, na toa taarifa saa hiyohiyo. Dawa za kinga dhidi ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa chache, na si zaidi ya saa 72. Humezwa kwa siku 28.

Dakika za kwanza, palepale mezani

Kazi huanza kabla upasuaji haujaisha. Anayempa daktari vifaa anafuta damu kila kifaa kinaporudi, kwa kitambaa kilicholowa maji safi yaliyotakaswa. Asitumie salaini. Chumvi huchimba chuma cha pua na kuacha vishimo vidogo ambavyo hakuna brashi itakayovifikia. Kwa kifaa chenye tundu ndani, kama mrija wa kunyonyea damu, avute maji yapite ndani yake palepale.

Upasuaji ukiisha, aliyetumia vitu vyenye ncha kali ndiye anayevitoa. Bledi hutolewa kwenye mpini kwa koleo, si kwa vidole, na huingia moja kwa moja kwenye kisanduku cha usalama. Bledi ikisahaulika chini ya rundo la vifaa, atakayeipata ni mtu wa kuosha, ambaye hakuwepo.

Vifaa vingine vifungue midomo, vipange kwenye chombo kigumu chenye mfuniko, funika kwa kitambaa chenye unyevu au pulizia povu la vimeng'enya, yaani viambato vinavyovunja damu, kama mnalo, na vipelekwe. Lengo ni damu isikauke. Ikikauka, kazi ya dakika tano inageuka ya nusu saa, na bado hutakuwa na uhakika.

Ile ndoo ya klorini

Hapa najua nitabishana na watu. Wengi wetu tulifundishwa kutumbukiza vifaa vyenye damu kwenye klorini ya 0.5% kwa dakika 10 kabla ya kuviosha, na kila chumba cha kujifungulia kina ndoo hiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2016 kuhusu kuchakata vifaa tiba unasema msifanye hivyo. Sababu zake zina mantiki: damu huimaliza nguvu klorini, klorini hula chuma, maji hayo hurukia watu yanapobebwa, na kubwa kuliko yote, mtu huamini kifaa kimeshakuwa salama na kulegeza mkono anapokiosha. Kinga ya mwoshaji ni glavu na aproni.

Kama kituo chako bado kina utaratibu huo na huna mamlaka ya kuubadilisha, peleka hoja kwenye kamati ya kinga na udhibiti wa maambukizi. Wakati unasubiri, dakika 10 zisizidi, na suuza papo hapo. Vifaa vinavyolala kwenye klorini usiku kucha hadi zamu ya asubuhi ndivyo vinavyofika vimeota kutu.

Klorini yenyewe bado ina kazi: meza, sinki, sakafu, damu iliyomwagika. Jik, ile klorini ya dukani, yenye 3.5% changanya kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji upate 0.5%. Tengeneza mpya kila siku. Na soma chupa, kwa sababu si zote zina 3.5%.

Kuosha

Chumba kiwe na mwelekeo mmoja: vichafu vinaingia upande huu, visafi vinatoka upande ule, havikutani. Ukiwa na chumba kimoja tu, tenganisha kwa muda: osha vyote, safisha meza na sinki, vua glavu nene na aproni, nawa, ndipo ufungue vitambaa safi vya kufungia. Kufunga pakiti kwenye kona ya meza huku mwenzako anasugua kwenye kona nyingine ni kurudisha kazi nyuma.

Andaa karai tatu au sinki zenye sehemu tatu: suuzo la kwanza, sabuni, suuzo la mwisho. Maji ya kwanza yawe ya baridi. Maji ya moto huipika protini ya damu ikagandia kwenye chuma. Maji ya sabuni yanaweza kuwa vuguvugu, chini ya nyuzijoto 40 hivi, kiasi cha mkono kuvumilia bila shida.

Sabuni iwe ya maji, isiyo kali, iliyotengenezwa kwa vifaa tiba. Ya vimeng'enya ni nzuri zaidi, lakini pima kama lebo inavyosema na uheshimu dakika za kuloweka. Sabuni ya kipande huacha utando. Sabuni ya unga ya kusugulia masufuria na stilwaya hukwaruza chuma, na kila mkwaruzo ni nyumba mpya ya bakteria na mwanzo wa kutu. Nimeona mikasi mizuri ikiharibiwa hivyo na mtu aliyekuwa anajituma kweli.

Sasa sugua. Shika kifaa chini ya maji, si juu yake, ili brashi isirushe matone usoni. Fungua kila kinachofunguka, tenganisha kila kinachotenganishwa. Tumia brashi laini ya nailoni. Mswaki mpya unafaa kwa sehemu ndogo. Anzia pale damu inapojificha: kwenye ungio ambapo miguu miwili ya koleo inapishana, kwenye meno ya mdomo, kwenye meno ya kufungia karibu na pete za vidole, kwenye msumari wa mkasi. Ubapa wa nje unaong'aa ndio unaomvutia mtu kuusugua, na ndio wenye shida ndogo.

Vifaa vyenye tundu vinahitaji brashi ndefu yenye unene unaolingana na tundu. Nyembamba mno haigusi kuta, nene mno haipiti. Ipitishe mpaka itokee upande wa pili, kisha sukuma maji kwa bomba la sindano hadi yatoke meupe kabisa. Kama hamna brashi ya kupita kwenye mrija fulani, mrija huo hauwezi kuoshwa, na kisichooshwa hakitakaswi. Agizeni brashi au tumieni mirija ya kutupwa.

Suuza kwa maji mengi. Suuzo la mwisho linataka maji yasiyo na madini, na hapa tena jiografia inaingia. Maji ya sehemu nyingi za Arusha, kutokana na miamba ya volkano, yana floridi na madini mengi. Meno ya kahawia ya watoto wetu yanatosha kuwa ushahidi. Madini hayo huacha madoa kwenye vifaa na ukoko ndani ya autoklevu, kwenye hita na vali. Tumia maji yaliyokenekwa au yaliyoondolewa madini kwa suuzo la mwisho na kwa kujazia mashine. Wengine hununua maji ya betri kwenye vituo vya mafuta. Ukilazimika, soma lebo mara mbili, kwa sababu madukani huuzwa pia asidi ya betri.

Kausha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Unyevu ukibaki huleta kutu na pakiti zenye majimaji.

Brashi nazo zioshwe, ziuliwe vijidudu na zikaushwe kila siku. Brashi inayolala ndani ya karai la maji usiku kucha inazalisha utando wa bakteria, na kesho yake unaupaka kwenye vifaa.

Kukagua

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na inahitaji vitu viwili tu: mwanga mzuri na lenzi ya kukuzia. Angalia kila kifaa. Pitisha kitambaa cheupe kwenye maungio. Kikitoka na rangi, kifaa kinarudi kwenye karai bila mjadala.

Jaribu pia kama kinafanya kazi. Funga koleo kwenye jino la kwanza, kisha ligonge polepole upande wa pete kwenye meza. Likifunguka lenyewe, litafunguka pia likiwa limebana mshipa wa damu. Mkasi ukate shashi mpaka kwenye ncha bila kutafuna. Vilivyoota kutu, kupasuka au kupinda vitengwe. Kimoja chenye kutu kikiingia na vizima, kutu huhamia.

Maungio mazito hulainishwa kwa mafuta maalumu ya vifaa vya upasuaji yanayoyeyuka kwenye maji. Mafuta ya cherehani, ya kupikia na vaselini hayafai, kwa sababu mvuke haupenyi mafuta. Chini ya tone la mafuta ya cherehani bakteria anaweza kumaliza mzunguko mzima akiwa hai.

Kufunga pakiti

Kitambaa cha kufungia kiwe cha pamba kilichofumwa kwa kubana, tabaka mbili, kisicho na tundu. Kinyanyue kwenye mwanga wa dirisha kila mara kabla ya kukitumia. Kifuliwe baada ya kila matumizi hata kama kinaonekana kisafi, kwani kitambaa kilichokaushwa na joto mara kwa mara bila kufuliwa huzidi kukauka na kuzuia mvuke kufanya kazi yake. Karatasi maalumu na mifuko yenye upande wa plastiki ni nzuri, ila hutumika mara moja tu. Gazeti halifai. Najua limetumika sana, na sababu yake ilikuwa umaskini, si ujinga.

Weka vizito chini, vyepesi juu, midomo yote wazi, bakuli zikiinamishwa ili maji yasituame. Weka karatasi ya kiashiria katikati ya pakiti, kisha kunja kama bahasha na ufunge kwa tepi. Pakiti ya vitambaa isizidi sentimita 30 kwa 30 kwa 50, wala kilo 5. Pakiti kubwa hupata joto nje na kubaki na hewa ndani. Mnaotumia madramu ya chuma, fungueni matundu ya pembeni kabla ya kuingiza na yafungeni mara tu yanapotoka. Dramu lililopita kwenye mashine likiwa limefungwa limepashwa moto, basi.

Andika kwenye tepi: seti gani, tarehe, namba ya mashine, namba ya mzunguko, herufi za jina lako. Usiandike kwa kalamu ya wino kwenye kitambaa wala kwenye upande wa karatasi wa mfuko.

Autoklevu, na namba za huku kwetu

Kinachoua ni mvuke wenye joto linalotakiwa kwa muda unaotakiwa. Presha haiui kitu. Kazi yake ni kuuwezesha mvuke kufika joto hilo. Kwa mashine ya kawaida isiyo na pampu ya kuvuta hewa, kipimo ni nyuzijoto 121 kwa dakika 30 kwa vilivyofungwa, dakika 20 kwa visivyofungwa.

Tatizo ni kwamba mashine nyingi ndogo, hasa za kuweka juu ya jiko la gesi au mkaa, zina geji ya presha tu, na karatasi ya maelekezo inasema "paundi 15", yaani za presha kwa kila inchi ya mraba. Geji hiyo inapima presha iliyozidi ile ya hewa ya nje. Pwani, paundi 15 ni nyuzijoto 121. Arusha, ambako hewa ya nje ni nyepesi, paundi 15 zinakupa kama 118.5 tu.

Nyuzi mbili na nusu zinaonekana ndogo. Lakini kwa spora tunazotumia kupimia mashine, joto likishuka nyuzi 10, muda unaohitajika huongezeka mara kumi. Kwa nyuzi mbili na nusu, kila dakika inafanya kazi ya kama nusu dakika tu na ushee. Dakika zako 30 zimekuwa kama 17.

Kwa hiyo, kufikia nyuzijoto 121 geji isome:

- Arusha mjini: takriban paundi 17.5, sawa na bar 1.2.
- Moshi mjini: takriban paundi 16.5, sawa na bar 1.15.

Walio juu zaidi kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro waongeze kwa kadiri ya nusu paundi kwa kila mita 300. Kwanza hakikisha mashine yako imetengenezwa kuhimili presha hiyo. Kila autoklevu ina kikomo kilichoandikwa na vali ya usalama. Vali hiyo isifungwe waya wala kuwekewa uzito wa kienyeji. Kama vali inafunguka kabla hujafika, mwite fundi sanifu wa vifaa tiba, na usiitumie kwa pakiti za upasuaji kwa sasa. Angalia pia geji mashine ikiwa baridi na wazi: inapaswa kusoma sifuri. Ikisoma karibu bar 0.85 hapa Arusha, hiyo ni geji inayojumlisha presha ya hewa, na hesabu yake ni nyingine: lengo ni bar 2.05 popote ulipo. Mashine za kisasa zenye kipima joto ndani hujirekebisha zenyewe, ndiyo sababu mojawapo ya kupendelea mashine inayoonyesha joto badala ya presha peke yake.

Adui wa pili ni hewa. Hewa ikibaki ndani, geji itasoma vizuri huku joto likiwa chini. Kwa paundi 15 za pwani, nusu ya hewa ikibaki, joto huishia karibu na 112. Mzunguko wa mashine ndogo uende hivi:

1. Kagua mpira wa mlango, safisha chujio, jaza maji yasiyo na madini hadi alama.
2. Panga pakiti zikiwa zimesimama, zenye nafasi ya mkono kupita kati yake, zisiguse kuta. Robo ya nafasi ibaki wazi.
3. Funga mfuniko kwa kukaza nati mbili zinazotazamana kwa wakati mmoja, ili ukae sawa.
4. Washa moto vali ya hewa ikiwa wazi. Mvuke ukianza kutoka mfululizo na kwa nguvu, usifunge bado. Subiri dakika 5 hadi 10, au kama kitabu cha mashine kinavyosema. Hapo ndipo hewa inatoka.
5. Funga vali. Geji ikifika namba ya mji wako, ndipo uanze kuhesabu dakika 30. Muda wa kupasha hauhesabiwi.
6. Presha ikishuka chini ya lengo, iwe gesi imeisha au umeme umekatika, unaanza upya kuhesabu kutoka sifuri. Dakika 18 za kwanza na 12 za baadaye hazijumlishwi.
7. Zima, acha presha ifike sifuri, fungua mfuniko upenyo mdogo na uache pakiti zikauke nusu saa humohumo.
8. Toa zikiwa kavu, weka kwenye rafu ya waya, usiziguse wala kuzipanga juu ya sementi baridi hadi zipoe. Pakiti ya moto kwenye meza baridi hutoa jasho, na unyevu huvuta bakteria wa mezani kuingia ndani.

Pakiti yenye unyevu haijatakaswa. Haianikwi juani wala haipigwi pasi. Inafunguliwa, inafungwa upya kwa kitambaa kikavu na kurudi mwanzo.

Kliniki za meno, neno moja: mashine ndogo ya mezani ya aina ya N ni ya vifaa imara visivyofungwa. Mipini ya dreli ina matundu ndani, na hewa haitoki humo bila pampu. Inahitaji aina ya B, yenye pampu ya kuvuta hewa, ambayo kwa kawaida hufanya kazi kwa nyuzijoto 134 kwa dakika 3 au 4. Muuzaji akisema "inafaa kwa kila kitu", muulize aina.

Njia nyingine, kwa ufupi

Oveni ya joto kavu inafaa kwa vyuma na vioo: nyuzijoto 170 kwa saa 1, au 160 kwa saa 2, ukihesabu baada ya kufika joto hilo. Haifai kwa mpira wala vitambaa. Mwinuko hauigusi.

Glutaraldehidi ya 2% huua vijidudu kwa kiwango cha juu kwa dakika 20, lakini kutakasa inahitaji saa 10, chumba chenye hewa ya kutosha, na kusuuza kwa maji yaliyotakaswa. Ni dawa kali kwa mapafu na macho. Itumie kwa vile tu visivyovumilia joto.

Kuchemsha hakutakasi. Spora za pepopunda huvumilia maji yanayochemka, na huku kwetu yanachemka kwa joto la chini zaidi. Dakika 20 za kuchemka kwa nguvu, bila kuongeza kifaa katikati, zinatosha kwa spekulamu. Kwa mkasi wa kukatia kitovu, hazitoshi.

Kujua kama imefanya kazi

Tepi yenye mistari inayogeuka nyeusi inakuambia pakiti imepita kwenye joto. Haisemi kwa muda gani. Ipo ili usichanganye pakiti iliyopita na ambayo haijapita. Karatasi ya kiashiria iliyo katikati ya pakiti inasema zaidi, hasa zile zinazosoma joto, muda na mvuke kwa pamoja.

Kipimo chenye uzito ni cha spora hai: chupa ndogo yenye Geobacillus stearothermophilus, inayowekwa mahali pagumu kufikiwa na mvuke, kisha kuoteshwa pamoja na nyingine ambayo haikuingia kwenye mashine. Ya mashine isiote, ya nje iote. Zote zikikosa kuota, kipimo kimeharibika, hujafaulu. Fanya angalau mara moja kwa wiki, na kila mzunguko wenye vyuma vya kuacha mwilini. Mashine zenye pampu ya hewa zinahitaji pia kipimo cha Bowie-Dick, cha kuona kama pampu inatoa hewa yote, kila asubuhi kabla ya mzigo wa kwanza. Kwa mashine ya geji Arusha, kipimo cha spora ndicho kitakachokuambia kama zile paundi 17.5 zako ni za kweli.

Kabati, na barabara ya vumbi

Pakiti hukaa kwenye kabati lililofungwa, kavu, sentimita 20 au zaidi kutoka sakafuni, mbali na sinki. Ya zamani itangulie kutoka. Pakiti haiharibiki kwa sababu kalenda imegeuka. Huharibiwa na tukio: imelowa, imechanika, imeanguka, imeshikwashikwa. Masika angalia unyevu, kiangazi angalia vumbi, ambalo Arusha halihitaji maelezo.

Kwa huduma za mkoba kwenda Longido, Simanjiro au Rombo, pakiti zisafiri kwenye sanduku gumu lenye mfuniko unaobana, zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki safi uliofungwa. Vichafu virudi kwenye sanduku lingine lenye alama tofauti, vikiwa vimefutwa na kufunikwa kwa unyevu. Kurudi na vifaa vikavu vyenye damu baada ya saa nne barabarani kunawatesa watakaoviosha na kupunguza maisha ya vifaa.

Chumbani mwa upasuaji, kabla ya kufungua: tepi imegeuka? kavu? nzima? Ikifunguliwa, kiashiria cha ndani kinasomwa kabla kifaa hakijagusa meza. Kisipogeuka, seti nzima inaondoka, hata kama daktari ameshanawa na anasubiri.

Rejesta

Kila mzunguko una mstari wake: tarehe, namba ya mzunguko, vilivyokuwemo, saa ya kuanza kuhesabu na ya kumaliza, geji au joto, matokeo ya viashiria, jina. Na namba ya mzunguko iandikwe pia kwenye faili la mgonjwa. Kubandua tepi na kuibandika humo ndiyo njia rahisi.

Faida yake inaonekana siku mbili. Ya kwanza ni siku kipimo cha spora kinapoota: simamisha mashine, rudisha pakiti zote tangu kipimo cha mwisho kilichofaulu, orodhesha waliotumiwa, mpe taarifa mganga mfawidhi, rudia kipimo, ita fundi.

Ya pili ni siku mgonjwa anaporudi. Utafiti uliofanywa KCMC, hospitali kubwa ya Moshi, na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta karibu mgonjwa mmoja kati ya watano waliofanyiwa upasuaji alipata maambukizi ya kidonda, na zaidi ya theluthi ya maambukizi hayo yalijitokeza baada ya mgonjwa kuruhusiwa. Maambukizi ya kidonda yana vyanzo vingi, vifaa ni kimoja tu. Lakini kidonda huhesabiwa cha upasuaji hadi siku 30 baadaye, na kufikia hapo mama yuko kwao Machame au Monduli, na atakwenda zahanati ya karibu. Mpe tarehe ya kurudi na namba ya simu ya wodi. Akirudi na usaha, fungua faili, soma namba ya mzunguko, kisha tafuta kwenye rejesta waliotumiwa vifaa vya mzunguko huohuo na uwapigie wote siku hiyohiyo.